Tetris kwa obokano: jinsi nilivyofuta kazi ya wiki tatu

Nimekuwa kimya kwa muda, na safari hii siwezi kusingizia kazi wala kupotea kwa umeme. Nilikuwa nahangaika na wimbo mmoja. Wimbo wa dakika nne tu! Umenila wiki sita, umenipeleka Nyamira mara kadhaa, na katikati ya safari hizo mzee mmoja aliniambia nifute kila kitu nilichokuwa nimekitengeneza. Nilifuta. Leo nataka kuwaeleza kwa nini, maana nadhani kuna somo kwa yeyote anayeandika programu, hata kama hajali muziki.

Tuanze mbali kidogo. Nilipokuwa mdogo, pale sokoni Keroka kulikuwa na kibanda kimoja chenye runinga ndogo na mashine ya michezo. Haikuwa Nintendo ya kweli. Ilikuwa moja ya zile za kuiga zilizojaa kila mahali, yenye kanda za plastiki ya njano ambazo zikikataa kusoma unazipuliza vumbi halafu unaomba Mungu. Ulilipa shilingi 5, ukicheza mpaka ufe. Mimi nilikuwa nakufa mapema sana. Kwa hiyo muda mwingi nilisimama nyuma ya wenzangu nikisikiliza, na muziki ule ukaniingia kichwani kuliko mchezo wenyewe. Nilikuwa narudi nyumbani jioni nikiupiga kwa mluzi, nyanya ananiuliza kama nimerogwa.

Nilipokuja kusomea kompyuta ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinaendelea ndani ya ile mashine. Famicom ya Nintendo ilitoka Japani mwaka 1983, na sehemu ya kutoa sauti ilikuwa ndani ya prosesa yake. Ilikuwa na njia tano tu: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi la pembetatu, moja ya kelele, na moja ya vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Basi. Koji Kondo alipotunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, hakuwa na bendi. Mawimbi ya mraba yalibeba sauti za juu, pembetatu ikawa besi, kelele ikawa ngoma. Mchezo mzima, picha, ramani na muziki, ulikuwa na ukubwa wa kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako leo ni kubwa kuliko huo mara nyingi!

Wazo la kuupanga upya muziki wa namna hiyo kwa vyombo vya kwetu si langu peke yangu. Duniani kote kuna watu wanaochukua nyimbo za michezo ya zamani na kuzipiga kwa marimba, kwa sitar, kwa ngoma za Kuba. Na Kiswahili chetu kilishaingia kwenye michezo kwa mlango wa mbele: "Baba Yetu" ya Christopher Tin ilitungwa kwa ajili ya Civilization IV, mchezo uliotoka mwaka 2005, na mwaka 2011 ikawa kazi ya kwanza iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Nilimsikilizisha nyanya. Akapenda sauti, lakini akauliza mbona hao watu wanamwomba mama. Kwa Ekegusii "baba" ni mama, na baba ni "tata". Nilicheka, lakini baadaye swali hilo lilinirudia. Neno ni lile lile, herufi ni zile zile, ila likivuka kilima linabadilika maana. Nyimbo nazo je?

Sasa, obokano. Kwa wasiojua, ni kinubi cha Abagusii. Kina nyuzi nane, bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili na mti wa kukingama juu ambako nyuzi zimefungwa. Ni ndugu ya nyatiti ya Wajaluo, lakini ni kikubwa zaidi na sauti yake iko chini, nzito, yenye mkwaruzo fulani kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema jambo. Mpigaji hukaa kwenye kigoda, hupiga na kuimba mwenyewe. Babu yangu alikuwa mpigaji. Alipofariki chombo chake kilibaki ukutani mpaka ngozi ikapasuka, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kukirekebisha. Hilo liliniuma kwa miaka mingi, nikaona nina njia ya kulipa deni: nitaifanya obokano iwe faili.

Rafiki mmoja wa babu bado yuko hai, anaishi upande wa Manga, kaunti ya Nyamira. Nilipanda matatu kutoka Kisii mjini, kisha boda boda, nikiwa na laptopu, kinasa sauti kidogo na kilo mbili za sukari. Sitamtaja jina kwa sababu hataki. Mimi namwita Tata, kama adabu inavyotaka. Nilimwomba apige uzi mmoja mmoja, polepole, kwa nguvu, kwa wastani na kwa upole. Nyuzi nane, mara tatu, sauti 24. Alinitazama kama mtu anayeombwa aseme alfabeti badala ya kuongea, lakini alikubali kwa heshima ya babu.

Nyumbani nilifanya kazi safi, au nilidhani hivyo. Nilizikata sauti zote kwa Audacity. Nikaondoa ule mkwaruzo, nikiuona ni kelele. Nikapima kila uzi na kukuta haulingani na kinanda: kwa mfano uzi wa tatu ulikuwa senti 38 chini ya noti iliyo karibu nao (kati ya noti mbili zinazofuatana kwenye kinanda kuna senti 100). Nikaunyoosha. Nikanyoosha zote nane, kisha nikaziongeza kwa kuzivuta juu na chini hadi nikapata noti zote 12 za kinanda. Nikaingiza kila kitu kwenye LMMS, nikapanga muziki wa Mario juu yake, kila pigo likikaa sawasawa kwenye mstari wake wa gridi. Wiki tatu! Mpango wangu ulikuwa kuziweka zile sauti mtandaoni bure ili mtu yeyote duniani, awe Tokyo au Toronto, aweze kupiga obokano kwa kibodi yake.

Nikarudi Manga kifua mbele. Nikamvisha Tata hedifoni. Alisikiliza mpaka mwisho, hakukatiza. Kisha akazivua na kusema: "Hiki ni kinanda kilichovaa ngozi yangu."

Nikaanza kujitetea, kwamba hizi ni nyuzi zake mwenyewe, kwamba nimezisafisha tu. Akauliza nimesafisha nini. Nikamwelezea mkwaruzo. Akanyamaza, kisha akaniambia kwamba huo mkwaruzo ndio humfanya mtu aliye nje ya boma ajue ni obokano inayopigwa na si kitu kingine, na kwamba yeye huuweka kwa makusudi anapokaza nyuzi. Nilichokiita takataka kilikuwa kazi yake.

Lakini lililonimaliza ni swali la pili. Nilimwambia kwamba watu wote duniani wataweza kutumia sauti zake. Akauliza: "Na akija mtu akazipanga zikatukana?"

Nikadhani hajaelewa. Nyuzi hazitukani, Tata, ni sauti tu. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba anayekaa nyuma ya obokano husifu watu na huwaonya watu, kwa majina, mbele ya ndugu zao. Anayesema hayo yuko pale, anaonekana, na akikosea ataulizwa. Sasa mimi nimemkata vipande 24 na kumtupa ambako hakuna wa kuuliza. "Mimi nitakuwa nimesema nisichokisema," akasema, "na nitakuwa nimekufa, siwezi kukana."

Ndugu zangu, nimeandika programu kwa zaidi ya miaka kumi. Nimesoma leseni za kila aina. Sijawahi kulisikia tatizo la kunakili sauti ya mtu likielezwa kwa ufupi namna hiyo. Na si jambo la wazee pekee: Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na ndani yake kuna takwa kwamba wenyewe waelezwe na wakubali kabla ya mtu kutumia. Mimi niliomba ruhusa ya kurekodi. Sikuomba ruhusa ya kugawa. Ni ruhusa mbili tofauti. Nilifungua laptopu pale pale, nikafuta folda mbele yake, kisha nikamwaga na pipa la taka. Na ile nakala ya akiba kwenye flashi? Nilishawishika kuiacha, sitadanganya. Niliifuta nikiwa kwenye matatu, kabla hatujafika Kisii.

Sasa sikiliza kosa langu la kiufundi, maana ndilo linalonifanya niandike hapa na si kwenye shajara yangu.

Ukitaka programu ya mashine moja iende kwenye mashine nyingine, una njia mbili. Ya kwanza ni kuigiza: unaifanya mashine mpya ijidai kuwa ile ya zamani. Ya pili ni kuhamisha: unaisoma programu, unaelewa inataka kufanya nini, kisha unaiandika upya kwa kufuata uwezo na mipaka ya mashine mpya. Mimi nilikuwa nimeilazimisha obokano iigize kinanda. Kondo hakuilazimisha Famicom iwe okestra. Alipewa njia tano akaandika muziki wa njia tano, na ndiyo maana bado tunaupiga mluzi. Obokano nayo ni mashine. Ina nyuzi nane, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, na sauti ya mtu. Nilipaswa kuuandikia muziki wa nyuzi nane. Na mtu anayeijua mashine hiyo kwa ndani alikuwa amekaa mbele yangu akinywa chai.

Wala si jambo jipya huku kwetu. Majirani zetu Wakipsigis walishafanya hivyo zamani. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wao wakiimba "Chemirocha", wimbo uliozaliwa baada ya sahani za santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers kufika kwao. Jina lake likageuka Chemirocha, yeye mwenyewe akageuka kiumbe nusu mtu nusu paa, na gita lake likageuka kinubi. Hawakumwiga. Walimhamisha!

Basi safari ya tatu sikwenda na laptopu. Nilikwenda na mluzi tu. Na nilibadilisha wimbo, kwa sababu muziki wa Mario una mwenyewe, na sikutaka kutoka kwenye deni moja na kuingia jingine. Nilichagua ule wa Tetris. Wengi wanaujua kutoka Game Boy ya 1989, ambapo uliwekwa na Hirokazu Tanaka, lakini wimbo wenyewe ni wa watu wa Urusi, unaitwa "Korobeiniki", na maneno yake yanatoka kwenye shairi la Nikolai Nekrasov la mwaka 1861. Nilikwepa mpangilio wa Game Boy nikaenda kwenye wimbo wa wananchi.

Tata akauliza wimbo unasema nini. Nikamweleza: ni mchuuzi anayetembea na sanduku lililojaa vitambaa, anakutana na msichana shambani usiku, wanajadiliana bei, na mambo mengine ambayo si bei. Akacheka mpaka akakohoa. "Huyo mtu namjua," akasema. "Hukaa Keroka siku ya soko."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nilipiga mluzi, akatafuta. Noti mbili hazikuwa kwenye nyuzi zake. Nilitaka kusema tukaze uzi mmoja kidogo, nikajing'ata ulimi. Yeye hakuhangaika: alipofika pale palipokosa noti aliruka, akaujaza mwanya kwa kupiga uzi mnene wa chini, na ghafla wimbo ukawa unajibiwa. Urusi wanauhesabu kwa mbili. Mkono wake wa kulia uliushika kwa mbili, ila wa kushoto ukaingiza tatu ndani yake, kama miguu ya akina mama wanaocheza ribina, na ule mwendo wa haraka wa vigae vinavyoanguka ukawa mwendo wa mtu anayeshuka kilima na mzigo kichwani. Kisha akaanza kuimba. Mchuuzi akawa wa mitumba. Msichana akawa mjanja kuliko mchuuzi. Hata mimi niliingia kwenye wimbo, kama kijana aliyekuja na mashine ya kukamua sauti bila kumlisha ng'ombe.

Nilirekodi wiki hiyo hiyo, kwa kinasa sauti kimoja, mara moja, kuku na mtoto anayelia wakiwemo. Sikumpa mlio wa kuhesabu mapigo masikioni. Nilipopima baadaye, alianza na mapigo 104 kwa dakika, akamaliza na 112. Zamani ningeliita hilo kosa. Safari hii niligeuza kazi: badala ya kumnyoosha yeye alingane na mashine, niliinyoosha mashine ilingane na yeye. Nilikaa usiku mbili nikiweka alama kwa mkono kwenye kila pigo lake, kisha nikaiambia programu izifuate alama hizo. Gridi ikapinda.

Kwa wenzangu wanaopenda nambari: nilitaka kuongeza sauti kidogo za mawimbi ya mraba, kwa ajili ya kile kibanda cha Keroka, na zilitakiwa zikae kwenye nyuzi zake, si kwenye kinanda. MIDI, kiwango cha mwaka 1983, ina ujumbe wa kupinda sauti wenye thamani 0 hadi 16383, katikati ikiwa 8192. Kwa kawaida upindaji huo hufika noti mbili juu au chini, yaani senti 200 kila upande. Kwa hiyo senti moja ni hatua 41 hivi. Uzi wa senti 38 chini unapata 6636. Tatizo ni kwamba ujumbe huo hupinda chaneli nzima, si noti moja, kwa hiyo kila uzi nikaupa chaneli yake. Nyuzi nane, chaneli nane kati ya 16. Kana kwamba waliotengeneza MIDI walijua tunakuja!

Kisha nikarudi na faili. Tata akavaa hedifoni. Safari hii kichwa kilitikisika. Alipofika kwenye mawimbi ya mraba alikunja uso, akauliza ni mdudu gani huyo anayemfuatafuata. Nikamwambia ni mimi, nikiwa na miaka tisa. Akasema mdudu apunguzwe. Nimempunguza.

Mjukuu wake alikuwa na Tetris kwenye simu. Tulizima sauti ya simu, tukaacha wimbo wetu uzunguke kwenye spika huku mtoto akicheza. Tata alitazama vigae vikianguka, akaniuliza: "Mchezo huu unaisha lini?" Nikamjibu hauishi, unaendelea mpaka ushindwe. Ndiyo maana muziki wake hutungwa uzunguke bila kuchosha, kwa sababu mtungaji hajui mchezaji atakaa hapo dakika moja au saa nzima.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jamaa aliyepotea. Obokano nayo ndivyo ilivyo, akasema. Nyuzi huzunguka pale pale, kwa sababu mpigaji hajui maneno yatakuwa mengi kiasi gani, wala pombe itaisha saa ngapi.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini nikiwa mtoto nilisimama nyuma ya wenzangu nikisikiliza. Nilikuwa nimeshausikia muziki wa namna hiyo nyumbani, kwa babu.

Makubaliano yetu ni haya. Wimbo unaweza kusikilizwa mzima. Hauruhusiwi kukatwa vipande, na jina la kijiji litatajwa pale tu atakaposema yeye. Nimeyaandika kwenye karatasi kwa Kiswahili na Ekegusii, tumeweka sahihi wote wawili, na mapato yoyote yatakwenda kwake kwanza. Sikupata sauti 24 za kugawa duniani. Nimepata kitu kingine: Jumamosi ijayo napeleka chombo cha babu. Tata amesema ngozi iliyopasuka si msiba, ngozi hubadilishwa. Sharti lake ni moja, nisije na laptopu, nije na mikono.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mwenyeji naye lazima aachwe aseme. Tuonane nikirudi, malengelenge ya vidole yakipona.